Uji wa Kulthumu binti Swedi

Habari za Kulthumu binti Swedi sikuzipata kwa watu wake, maana hakuacha mtoto. Nilizipata kwa adui yake. Adui huyo ni bibi yangu mzaa mama, Biasha binti Asmani, ambaye kila alipotaja jina la Kulthumu alitema mate pembeni ya mkeka kwanza, kisha akasimulia mpaka chakula kikapoa. Siku moja nilimwuliza inakuwaje mtu unayemchukia hivyo umjue mpaka namna alivyofunga kitambaa. Akasema, "Nilimtazama sana." Basi mimi nayaandika hapa aliyoyaona, na mahali alipojipendelea nitasema, maana bibi yangu alikuwa hodari wa kujipendelea.

Kulthumu alizaliwa hapa Rumonge kabla Wadachi hawajajenga boma lao kule Usumbura. Baba yake, Swedi, alikuwa Mmanyema aliyevuka ziwa na msafara wa pembe, akaugua njiani, wenzake wakamwacha ufukweni kama mzigo uliopasuka. Mvuvi mmoja wa Kirundi akamwokota na kumlisha. Swedi alipopona, badala ya kuwafuata wale waliomtupa, akamwoa binti wa mvuvi. Kwa hiyo Kulthumu alikua na ndimi mbili, Kiswahili cha baba yake barazani na Kirundi cha mama yake jikoni, na hakuna hata mmoja uliomshinda.

Hakuwa mzuri. Bibi alipenda kulisema hilo mapema. Alikuwa mwembamba juu na mnene miguuni, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukamua mawese. Nyuma ya nyumba yake aliufukia nusu ardhini mtumbwi mkuukuu usiofaa tena ziwani. Humo alimimina chikichi zilizochemshwa, akaingia miguu mitupu, akashika kamba iliyofungwa juu ya boriti, akakanyaga hadi mafuta yakapanda. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka magotini na haikutakata hata siku ya Idi. Watoto walimwita Mama Viatu, naye aliwajibu kwamba viatu vyake haviibiwi.

Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alikufa kwa malale, ule ugonjwa wa kusinzia uliofagia watu ufukweni siku zile. Wa pili alimwacha walipomzika mtoto wa tatu, akidai nyumba ina nuksi. Kulthumu hakumshika kanzu. Alimfungia mzigo wake kwa mikono yake mwenyewe, akamtilia na chumvi ya njiani, akarudi kwenye mtumbwi wake kukanyaga. Bibi alipofika hapo hakutema mate.

Wakati huo wanawake wa Kiislamu wa Rumonge walikuwa na chama chao, nacho kiliitwa Nyange. Walikichagulia jina hilo kwa sababu walivaa nguo za merikani nyeupe kama manyoya ya nyange, yule yangeyange, na kwa sababu ndege yule anaitwa karibu sawa kwa Kiswahili na kwa Kirundi, hivyo hakuna upande ulioweza kununa. Wanaume walidhani ni chama cha ngoma. Kweli walicheza, harusini na siku za Maulidi, lakini kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Nyange walioshana wakifa na walilishana wakizaa. Mwanamke akijifungua, au mimba ikimharibikia, kila asubuhi alipelekewa chungu cha uji wa ulezi mpaka apate nguvu. Aliyekibeba hakuruhusiwa kuuliza neno lolote, kwa sababu mtu anayeuliza sana mlangoni pa mzazi hushukiwa kuwa na kijicho. Alisema tu "Uji huu," akaweka, akaenda zake. Kulthumu ndiye aliyekuwa mbeba uji.

Hicho kilikuwa cheo cha chini kabisa. Juu kulikuwa na Bibi Mkubwa na Waziri wake, maana Wadachi walikuwa wametufundisha sote kupenda ukubwa. Bibi Mkubwa alikuwa Bi Sharifa wa Bagamoyo, mke wa Hassani mfanyabiashara wa nguo na chumvi. Alikuwa amekaa Rumonge miaka mingi bila kujifunza Kirundi hata cha kuombea maji, na Kiswahili chake cha pwani alikiona ndicho Kiswahili, chetu akakiona kelele tu. Waziri alikuwa bibi yangu, mke wa Mwalimu Shafii wa chuo cha Kurani.

Mwaka ule Wadachi walikuwa wakiwafyekesha watu vichaka vyote vya ufukweni kwa ajili ya malale. Daktari wao alipita akipapasa shingo za wakubwa na wadogo akitafuta vivimbe, na mashua zikazuiwa kwenda zilikotaka. Biashara ya Hassani ikalala. Akaamua kuhamia Ujiji pamoja na mke wake. Nyange walihitaji Bibi Mkubwa mpya, na kila mtu alijua atakuwa Biasha. Biasha mwenyewe alijua kuliko wote. Alikuwa ameshaanza kutembea polepole.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye mazoezi ya Maulidi uani kwa Bi Sharifa, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Palikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Zena, Mrundi aliyesilimu alipoolewa na Ramazani, mpiga makasia. Zena alikuwa na sauti nzuri kuliko wanawake wote wa Rumonge, naye ndiye aliyeanzisha kasida. Siku hiyo Bi Sharifa alimwambia aanze, Zena akafumba mdomo. Akaambiwa tena, akageuza uso. Akabembelezwa, akatazama ukuta. Bi Sharifa akapandwa na hasira, akasema mbele ya wote, "Mwacheni. Zena ana inda."

Kwa Kiswahili cha pwani inda ni ubaya wa moyo, ile tabia ya mtu kukataa jambo makusudi ili akuudhi. Kwa Kirundi inda ni tumbo, na ukisema mwanamke ana inda umesema ana mimba. Uani palikuwa na wanawake wengi waliozaliwa milimani huko juu. Nyuso zao zikachangamka, wakapiga vigelegele. Bi Sharifa akadhani wanafurahia alivyomkemea Zena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zena akainuka akaenda nyumbani. Kabla ya adhuhuri sokoni kwenye dagaa walikuwa wameshampongeza mama mkwe wake.

Miezi ikapita. Tumbo la Zena halikutokeza. Wale waliompongeza wakaanza kumtazama kiunoni, kisha wakaanza kutazamana wao kwa wao. Mwisho maneno yakageuka, na hayakuwa tena kwamba Zena ana inda, bali kwamba ameitoa.

Hapo bibi yangu akasimama. Nataka nimtendee haki, kwa sababu alikuwa na uchungu wa kweli. Dada yake mkubwa alikunywa mizizi ya kutoa mimba, akafa siku ya tatu akiwa ameshika kitanda kwa meno, na waliompa mizizi hiyo walikuja matangani wakala wali. Biasha hakusahau. Akatangaza kwamba siku ya kumchagua Bibi Mkubwa, Ijumaa baada ya sala, Nyange wataamua pia jambo la Zena. Mwanamke aliyetoa mimba atolewe chamani, asiletewe uji, asioshwe na Nyange akifa. Aliyetolewa hivyo alikuwa amekwisha, maana mumewe angesikia, talaka ingefuata, na jambo lingeweza kufika hata kwa askari wa boma, ambao hawakuhitaji sababu kubwa ya kumfunga mtu.

Kulthumu alipolisikia tangazo hilo alikuwa ndani ya mtumbwi wake. Alitoka, akanawa, akapika uji. Alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Zena alikuwa amepauka midomo na alitembea kwa kushika kuta. Akabeba chungu mpaka nyumbani kwake, mchana kweupe, barabara nzima ikimtazama, akaingia.

"Uji huu," akasema, akauweka chini, akageuka kuondoka.

"Mama Kulthumu, usiende," Zena akamwambia. Alikuwa amekaa chini na mtoto wake mchanga bado ananyonya. "Hauniulizi?"

"Mubeba uji haulizi."

"Basi mi nitasema bila kuulizwa. Ilikuwa mo, ile mimba. Ile siku ya kasida, nilikuwa nataka kutapika, ndiyo sababu sikuimba. Huyu mutoto, wakati wa kumuzaa nilikufa nikarudi. Mukunga alisema nikibeba ingine mbele huyu hajaacha kunyonya, batatuzika bote wawili. Ramazani iko safarini. Ningemuuliza nani?" Akalia. "Niliitoa, mama."

Kulthumu naye akalia. Hakuwa mtu wa kusifu jambo lile. Alikuwa amezika watoto watatu, na angekubali kukatwa miguu ile myekundu ili mmoja wao tu arudi. Alimwambia Zena waziwazi kwamba linamwuma. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga yake, akamshika kidevu.

"Sikiliza, mwanangu. Hautatoka mu chama. Mi niko hapa, hautatoka."

"Utawaambia nini?"

"Sijui bado. Kunywa uji."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Bi Sharifa, aliyekuwa akifunga masanduku ya safari. Alitaka kumwomba aizime kesi kabla hajaondoka. Akaanza kwa kumwuliza nani aliyeleta habari ya mimba ya Zena, kwa sababu kila aliyemwuliza sokoni alimtaja mwenzake, na yule mwenzake akamtaja mwingine, na mwisho wa yote walimtaja yeye, Bi Sharifa.

"Mimi?" Bi Sharifa akaacha sanduku wazi. "Mimi nimesema mimba ya nani? Mimi siku ile nilisema yule mtoto ana inda, na kweli alikuwa nayo, alininunia mbele ya watu!"

Kulthumu akakaa juu ya sanduku jingine bila kukaribishwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Bi Sharifa akamwona amerukwa na akili. Alipoelezwa inda ni nini kwa Kirundi, yule bibi wa Bagamoyo alishika mashavu yake yote mawili.

"Toba! Basi nimemwangamiza mtoto wa watu kwa neno!"

"Bibi, hujamuangamiza bado. Siku ya Ijumaa nitakuuliza mbele ya batu ulisema nini, nawe useme hivi hivi."

Bi Sharifa akamkazia macho. Hakuwa mjinga. "Kulthumu, kwani mtoto alikuwa nayo?"

"Ile yako ama ile yetu?"

Bi Sharifa akafunga sanduku.

Ijumaa uani kwa Bi Sharifa palijaa merikani nyeupe. Zena aliketi mwisho kabisa karibu na mlango, mtoto mgongoni. Biasha alisimama akasema maneno yake vizuri, maana alikuwa msemaji. Alisema Nyange ni chama cha wanawake wanaomcha Mungu, na yeye hawezi kuwa Bibi Mkubwa wa watu wanaofungua makaburi ndani ya matumbo yao. Wanawake wengi waliitikia.

Mwanamke mmoja mzee akasema yeye alisikia kwa walimu kwamba roho hupulizwa miezi minne, kabla ya hapo ni damu.

"Dada yangu naye alikuwa damu?" Biasha akauliza.

Mwingine akasema mimba ni jambo la mwanamke na mumewe. Wa tatu akasema mume hayupo. Wa nne akasema waume hawapo kamwe, wawepo wasiwepo. Wakacheka kidogo, wakaanza kugombana kweli. Waliokuwa na dada waliokufa kwa mizizi walikaa upande mmoja, na waliokuwa na dada waliokufa kwa uzazi wakakaa upande wa pili. Kila mmoja alikuwa na maiti wake wa kumtetea, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Kulthumu akasimama katikati. Bibi alisema alikuwa amejipaka mafuta usoni, mimi nadhani lilikuwa jasho.

"Mambo ya roho siyajui, mi sikusoma," akasema. "Niko na neno moja. Nani alisema wa kwanza kama Zena iko na mimba?"

Wakaangaliana. Mmoja akamtaja huyu, huyu akamtaja yule, mpaka vidole vyote vikaishia kwa Bi Sharifa, kama vilivyoishia sokoni.

"Bibi Mkubwa, ulisema nini siku ile?"

"Nilisema Zena ana inda," Bi Sharifa akajibu, amenyooka kama yuko mbele ya kadhi. "Na kwetu inda ni jeuri na ubaya wa moyo. Sikusema mimba. Neno la mimba kwetu ni mimba."

Kisha mwanamke mmoja wa Kirundi akapiga kofi paja lake, akasema, "Yuu! Na mimi nilipiga impundu, vigelegele vyote vile!" Uani pakalipuka kicheko. Walicheka wakashikana mabega, wakamcheka Bi Sharifa na Kirundi chake, wakajicheka wenyewe kwa miezi yote waliyotumia kutazama kiuno cha mtu.

Biasha hakucheka. Alichukua msahafu wa mume wake, uliofungwa kitambaa cha kijani, akauweka mikononi mwa Kulthumu.

"Apa."

Kicheko kikakatika. Kulthumu alikuwa ametia udhu. Akaupokea msahafu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Naapa juu ya neno lile lile lililotoka mu kinywa ya Bibi Mkubwa, na kwa maana yake yeye, si kwa ingine. Wallahi, Zena hana inda, hakuwa nayo siku ile, na sijamuona nayo siku yoyote."

Hapakuwa na neno la uongo ndani ya kiapo kile. Zena hakuwa na ubaya wa moyo hata kidogo. Lakini wanawake wakasikia walichotaka kusikia, vigelegele vikapanda, na kabla Biasha hajafungua mdomo walikuwa wameshainuka, mmoja akimkumbatia Zena, mwingine akimpokea mtoto. Bi Sharifa akafungua kilemba chake cheupe cha ukubwa. Alitazama upande wa Waziri wake, akatazama upande wa mbeba uji, akamtupia mbeba uji.

"Huyu ajua kusema," akasema. "Mwenye kumkataa aseme."

Biasha alikataa. Akachukua msahafu wake akatoka, na wanawake wasiopungua nusu wakamfuata. Wiki hiyo hiyo wakaanzisha chama chao, wakavaa kaniki nyeusi ili wasifanane na Nyange, na sharti lao la kwanza likawa lile la mimba: anayeitoa, anatoka. Sokoni wakaitwa Kunguru. Bibi alikasirikia jina hilo mpaka anakufa.

Kulthumu akawa Bibi Mkubwa, akaendelea kubeba uji mwenyewe. Walipomwambia haifai, akauliza kilemba kimemvunja mikono lini. Bi Sharifa alipopanda mashua kwenda Ujiji, Nyange walimsindikiza kwa kasida iliyoanzishwa na Zena, na watu wanasema yule bibi alilia mpaka mashua ikawa haionekani.

Lakini bibi yangu hakuwa mjinga. Mama yake mwenyewe alikuwa Mrundi. Alikuwa amesikia mahali kiapo kilipounganishwa, kama mshonaji anavyoona mshono upande wa ndani. Asubuhi moja alikwenda nyuma ya nyumba ya Kulthumu, akamkuta ndani ya mtumbwi akikanyaga chikichi, kamba mkononi.

"Amahoro, Kulthumu."

"Amahoro, Bi Waziri. Simama mbali, mafuta inaruka."

"Mi si waziri tena."

"Basi Bibi Mkubwa mwenzangu. Iko nini?"

"Uliapa kwa inda gani?"

Kulthumu hakuacha kukanyaga. Alikuwa na jibu lake tayari, alikuwa nalo tangu Ijumaa ile, na alilisema bila kugeuka.

"Siyo ya Zena. Ile uko nayo wewe."

Alikusudia ile ya Bi Sharifa. Alikusudia ubaya wa moyo. Lakini mkono wa Biasha ulikwenda tumboni wenyewe, ukashika pale kaniki ilipofungwa.

"Nani amekuambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

Miguu ikasimama ndani ya mafuta. Kulthumu akageuka, akautazama ule mkono, na safari hii ndiye yeye aliyekuwa amelisikia neno lake kwa Kirundi.

Biasha akaketi kwenye mashina ya michikichi. Hakuwa kijana tena. Mtoto wake wa mwisho alimtoa damu mpaka wakamwelekeza kibla, na mkunga alimwambia asirudie. Alikuwa amekwenda kuitazama ile mizizi iliyomwua dada yake. Alikuwa amesimama mbele ya kichaka chake, akarudi nyumbani mikono mitupu, akaenda tena.

"Nikiibakisha nitakufa," akasema. "Nikiitoa nitakufa kama dada yangu. Na nikipona, chama yangu mwenyewe inanifukuza. Mi ndiye niliweka ile sharti. Shafii hajui, sijui namna ya kumuambia."

Bibi aliniambia kwamba hapo alingoja kicheko. Alikuwa amejiandaa, na angemsamehe, maana yeye angecheka. Kulthumu alitoka ndani ya mtumbwi akamwendea, akiacha nyayo nyekundu juu ya mchanga, akachuchumaa mbele yake.

"Biasha. Mi sitakuambia ufanye nini. Ukinitaka niende na wewe kwa mukunga, tutaenda. Ukinitaka ninyamaze, nitanyamaza. Ikibaki, nitaleta uji. Ikitoka, nitaleta uji."

"Mbele ya batu? Mi ni Kunguru."

"Hata kunguru anakula."

Bibi alisema alimchukia zaidi siku hiyo kuliko siku ya kiapo. Namwamini. Kuna wema mtu hawezi kuulipa kwa kitu kingine isipokuwa chuki kidogo.

Mama yangu alizaliwa mwaka huo, msimu wa mvua nyingi, na bibi alilala wiki nzima hajui usiku wala mchana. Alipofumbua macho alisikia mlango, na sauti nzuri kuliko zote za Rumonge ikasema, "Uji huu." Ilikuwa Zena. Kulthumu alikuwa amemtuma yeye makusudi, na kama hiyo si inda basi mimi sijui inda ni nini. Zena akaweka chungu, hakumtazama mzazi usoni, akaenda zake. Akaja kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka bibi akaweza kusimama.

Sharti la Kunguru halikufutwa, na halikutumika hata mara moja. Walipokuja Wabelgiji na kuwafukuza Wadachi, vyama vyote viwili vilikuwapo bado, vikigombania harusi na kunyimana ngoma. Miaka mingi baadaye Kulthumu alikufa usingizini, hana mtoto, hana dada. Nyange walifika kumwosha, wakakuta mlangoni wanawake wa kaniki wamekwisha fika, na bibi yangu mbele yao, ndoo mkononi. Hakuomba ruhusa. Akasema miguu ni yake, wengine washike kwingine. Akaisugua miguu ile kwa sabuni na kwa mchanga laini, akalia, akasugua tena. Haikutakata. Kulthumu alizikwa na viatu vyake.

Nilipokuwa mkubwa, nimeshaolewa, nilimwuliza bibi jambo ambalo nilikuwa nalo moyoni muda mrefu. Nilitaka kujua kama alirudi kwenye kile kichaka, kama aliing'oa ile mizizi, kama mama yangu alizaliwa kwa kupenda au kwa dawa kushindwa. Alikuwa mzee sana, macho yamefunga ukungu. Alinigeuzia uso, na safari hii hakutema mate.

"Kulthumu alileta uji, akanyamaza," akasema. "Wewe hata uji hukuleta, unauliza."